Rimoti ya Gari Ikigoma

Ukibonyeza rimoti na gari likanyamaza, usimpigie fundi bado. Kile unachokiita ufunguo ni vitu vitatu vilivyofungiwa ndani ya ganda moja, na kila kimoja kina kazi yake. Kipo kipande cha chuma kinachofungua kitasa. Ipo redio ndogo inayotuma amri ya kufunga na kufungua milango. Na ipo chipu inayolijulisha gari kwamba aliyekaa kwenye usukani ana ruhusa, ndipo injini ikubali kuwaka. Ni nadra vyote vitatu kufa siku moja. Kinachokufa mara nyingi ni redio, kwa kuwa ndiyo inayokula betri. Chuma hakihitaji umeme, na chipu hupokea nguvu kidogo kutoka kwenye gari lenyewe, kupitia koili iliyozunguka tundu la swichi au iliyofichwa karibu na kitufe cha kuwashia.

Kwa hiyo mtu aliyekwama kwenye maegesho usiku, mkononi ana rimoti isiyowasha hata taa yake ndogo, bado ana njia ya kuingia na njia ya kuondoka. Wengi hawazijui njia hizo, na sababu yake inaeleweka. Magari mengi tunayoendesha yaliteremshwa Dar es Salaam au Mombasa yakiwa yameshatumika Japani, na kitabu cha maelekezo, kama kilikuja, kimeandikwa Kijapani. Mwenye gari wa kwanza alikabidhiwa funguo mbili na maelezo ya kutosha. Sisi tunakabidhiwa ufunguo mmoja, tena bila neno. Pengo hilo ndilo linalowafanya watu walipie kazi ambayo gari lao halikuihitaji.

Tuanze na kuingia. Ikague rimoti pembeni na nyuma, utaona kilimi kidogo cha plastiki au cha chuma. Kisukume kwa kucha huku ukivuta kile kichwa kinachoshikia mnyororo, na ufunguo mwembamba wa chuma utachomoka. Toyota, Nissan, Mazda, Honda, Subaru, zote zenye rimoti bapa isiyo na meno nje zimeuficha humo. Tundu lake lipo kwenye mlango wa dereva, na katika magari mengi hilo ndilo tundu pekee, kwa hiyo usizunguke gari zima ukitafuta. Usipoliona, angalia kama mwisho wa mshikio wa mlango una kipande cha plastiki kilichopachikwa. Katika baadhi ya magari tundu limefunikwa nacho, na chini yake huwa kuna upenyo wa kukibandulia kwa ncha ya ufunguo huohuo.

Hapa wakazi wa Mombasa, Tanga, Zanzibar na mwambao wote wana jambo lao la kuzingatia. Kitasa ambacho hakijaguswa na chuma tangu gari lishuke melini huganda kwa hewa ya chumvi, na siku unapokihitaji hakizunguki. Chuma cha akiba ni chembamba, ukikilazimisha kitakatikia ndani na utakuwa umejiongezea tatizo la pili. Jizoeze kufungua mlango kwa chuma angalau mara moja kwa mwezi. Kikianza kuwa kizito, tia grafiti ya unga au dawa kavu ya kupuliza ya vitasa. Mafuta ya injini yanalainisha siku mbili tatu, kisha yanakusanya vumbi na kuwa tope.

Gari lililofungwa kwa rimoti likifunguliwa kwa chuma linaweza kupiga alamu. Usitaharuki, na usikimbilie kuchomoa vichwa vya betri. Alamu iliyotoka na gari kiwandani hunyamaza gari likishautambua ufunguo, yaani ukiliwasha.

Kuliwasha, basi. Kama gari lako lina tundu la kuingiza ufunguo na kuuzungusha, hakuna la ziada: ingiza, zungusha, injini itawaka hata kama rimoti haina betri kabisa, maana chipu imo kwenye kichwa cha ufunguo na inasomwa ikiwa hapohapo kwenye swichi. Kama gari ni la kitufe, hakikisha gia iko P, kanyaga breki, kisha shika rimoti uigusishe kwenye kitufe chenyewe. Kwa Toyota, upande wenye nembo ndio unaotazama kitufe. Utasikia mlio mfupi na taa ya kitufe itageuka kijani. Bonyeza kitufe ndani ya sekunde chache na gari litawaka. Nissan, Honda na Subaru nyingi za kitufe zinafuata njia hiyohiyo au inayokaribiana nayo sana. Baadhi ya Nissan za zamani kidogo zina mfereji karibu na usukani wa kuchomekea rimoti nzima. Zipo pia Nissan, Mazda na Suzuki za miaka ya 2000 ambazo badala ya kitufe zina kirungu cha kuzungusha. Kirungu hicho kina kofia ya plastiki inayotoka, na ukiitoa utakuta tundu la kawaida la ufunguo wa chuma.

Ukiona taa ya kitufe cha Toyota inawaka na kuzima kwa rangi ya kijani na gari haliwaki, rimoti haina kosa. Usukani umejifunga na umebana. Utikise kushoto na kulia huku ukibonyeza kitufe, utaachia. Nimeona mtu mzima akiambiwa anunue ufunguo mpya kwa tatizo hili, na liliisha kwa mkono mmoja. Na ile sauti ya kike ya Kijapani inayosema mara tu unapowasha gari, wengi huihusisha na ufunguo pia. Mara nyingi inatoka kwenye kifaa cha ETC, cha kulipia barabara za huko Japani, na inalalamika kwamba kadi haimo. Haihusiani na ufunguo hata kidogo.

Umefika nyumbani. Sasa ushughulikie betri.

Betri ya rimoti haifi ghafla. Inatoa notisi. Wiki kadhaa kabla, umbali unapungua: ulizoea kufungua ukiwa ng'ambo ya barabara, sasa mpaka ufike mlangoni. Kisha unaanza kubonyeza mara mbili, mara tatu. Gari la kitufe linaweza kuonyesha picha ya ufunguo kwenye dashibodi, au linakubali rimoti ikiwa mfukoni leo na kuikataa kesho. (Wapo wanaoigusisha rimoti kidevuni ndipo wabonyeze. Wanachekwa bure, maana kichwa cha binadamu husaidia kweli kusukuma mawimbi mbali kidogo. Ni msaada wa siku moja tu, lakini.) Ukiona dalili hizi nunua betri mapema, kabla ya safari. Rimoti ya gari la kitufe inalisikiliza gari muda wote, kwa hiyo betri yake hudumu mwaka mmoja hadi miwili, wakati rimoti ya kubonyeza tu huweza kukaa zaidi.

Namba iliyoandikwa mgongoni mwa betri ina maana. Katika CR2032, 20 ni upana kwa milimita na 32 ni unene wa milimita 3.2. CR2025 ina upana uleule na unene wa milimita 2.5, CR2016 milimita 1.6, na CR1632 ni nyembamba zaidi kwa upana. Zote hutoa volti 3. Soma namba iliyomo ndani ya rimoti yako ununue hiyohiyo. Muuzaji atakuambia 2025 inaingia mahali pa 2032, na kweli inaingia, ila inacheza, na rimoti itakuwa inafanya kazi ukiitikisa. Hatari kubwa ni mtu anayeziba pengo kwa kubebanisha mbili za 2016. Unene unatimia, milimita 3.2 kamili, lakini umeme unakuwa volti 6 na bodi iliyotengenezewa volti 3 inaweza kuungua. Jihadhari pia na zile zilizoandikwa LIR2032. Ni za kuchaji, na volti zake ziko juu kuliko za CR. Kama kilichoharibika ni rimoti ya alamu iliyofungwa hapa nchini baada ya gari kufika, betri yake mara nyingi ni ya umbo jingine kabisa: kasilinda kafupi ka volti 12, kameandikwa 23A au 27A. Hizo mbili zinatofautiana ukubwa, kwa hiyo nenda dukani na ya zamani mkononi.

Kufungua ganda hakuhitaji nguvu. Ukishachomoa ufunguo wa chuma, pale ulipokuwa utaona mwanya. Ingiza bisibisi bapa iliyoviringishwa kitambaa, au sarafu, uzungushe taratibu mpaka pande mbili ziachane. Kabla hujagusa kitu, piga picha kwa simu. Picha hiyo itakukumbusha upande gani wenye alama ya kujumlisha ulikuwa juu, na ni mpira gani ulikaa wapi. Itoe betri kwa kitu cha plastiki, usichokonoe bodi kwa msumari. Ifute betri mpya kwa kitambaa kikavu uiweke, ujaribu rimoti kabla ya kufunga ganda.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo kwa sababu linawagharimu watu: kubadilisha betri hakufuti usajili wa ufunguo katika magari mengi yaliyoko barabarani kwetu. Kumbukumbu imeandikwa ndani ya chipu na inabaki hata betri ikitolewa kwa mwezi mzima. Fundi anayekuambia kwamba betri ikishatoka lazima gari lisajiliwe upya kwa kompyuta, mwulize ni gari gani na kwa nini, kisha jaribu mwenyewe kwanza. Yako magari machache, hasa ya Ulaya, yanayotaka rimoti ipatanishwe upya, na hata hayo mara nyingi yanaridhika ukiingiza ufunguo kwenye swichi, ukawasha taa za dashibodi na kubonyeza kitufe cha kufunga.

Kama una mita ya umeme, betri mpya ya CR itasoma volti 3 au zaidi kidogo. Ikisoma chini ya 2.8, itupe. Lakini mita inaweza kudanganya, maana betri iliyochoka husoma vizuri ikiwa imepumzika na huanguka ikipewa kazi. Kipimo cha uhakika ni betri mpya kutoka kwa muuzaji ambaye bidhaa zake zina tarehe na hazijaanikwa juani. Na ile mbinu ya kuangalia rimoti kwa kamera ya simu ili uone kama inatoa mwanga, iache kwa rimoti ya televisheni. Rimoti za magari karibu zote zinatumia mawimbi ya redio, na kamera haitaona chochote hata kama rimoti ni nzima kabisa.

Betri ya zamani usiiache mezani. Mtoto mdogo akimeza betri bapa ya upana wa milimita 20 inaweza kukwama kooni, na ikigusana na majimaji ya mwili inaanza kuunguza nyama ndani ya saa mbili, hata ile uliyoiita imekufa. Ukishuku tu kwamba mtoto amemeza, mpeleke hospitali papo hapo, waambie ni betri, waombe eksirei. Usimtapishe, na usingoje uone kama itatoka yenyewe. Zifunge betri za zamani kwa selotepu pande zote mbili kabla ya kuzitupa, na mpya ziweke juu kabisa ya kabati.

Tuseme betri ni mpya na gari bado kimya. Kama una ufunguo wa pili, mashaka yako yanaisha hapohapo. Ukifanya kazi, kosa liko kwenye rimoti ya kwanza. Ukigoma nao, achana na rimoti uangalie gari. Betri kubwa ya gari ikiwa chini, kipokezi cha mawimbi hakina nguvu ya kusikiliza, na mwenye gari hulaumu rimoti. Ingia kwa chuma, washa taa ya ndani. Ikiwa hafifu au haiwaki, tatizo ni betri kubwa. Betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6 hivi, na ikiwa chini ya 12 inahitaji kubustiwa na kuchajiwa. Wenye Toyota Prius wajue kwamba katika nyingi betri ya volti 12 iko nyuma, na buti lenyewe linafunguka kwa umeme. Usihangaike kulivunja, kwani kuna sehemu ya kubustia mbele, chini ya boneti, ndani ya kisanduku cha fyuzi. Bonyeza pia swichi ya kufunga milango iliyoko mlangoni kwa dereva. Ikiwa milango haijifungi hata kwa swichi hiyo, angalia fyuzi na mota za vitasa.

Pengine rimoti inagoma mahali pamoja tu: chini ya mnara wa simu, karibu na kituo cha redio, au kwenye maegesho fulani. Mawimbi ya rimoti ni dhaifu na yanazidiwa kirahisi. Chaja za bei rahisi zinazochomekwa kwenye tundu la kiberiti, kamera za kwenye kioo na taa za LED za kubandika zinaweza kuleta usumbufu huohuo kutoka ndani ya gari lenyewe. Zichomoe zote ujaribu tena. Rimoti ya gari la kitufe isikae imegusana na simu, kwa sababu simu inaweza kuizibia masikio.

Lakini maegesho ambapo gari linakataa kufungwa, wakati nyumbani lilikuwa salama, yanapaswa kukupa wasiwasi wa aina nyingine. Wako wezi wanaotumia kifaa cha kuziba mawimbi. Wewe unabonyeza huku unaondoka, gari halijafungwa, na wao wanaingia kwa mlango. Usiondoke kwa kubonyeza tu. Sikiliza vitasa, tazama taa za pembeni zikipepesa, uvute mshikio wa mlango kwa mkono. Ikishindikana funga kwa chuma, au lihamishe gari.

Kuna jambo jingine linalotokea kwenye nyumba zenye watoto. Kila ukibonyeza, rimoti haitumi namba ileile. Rimoti na gari huhesabu pamoja, kila mmoja na tasbihi yake, na gari linakubali tu namba iliyo mbele ya ile ya mwisho kwa hatua chache. Mtoto akishinda mchana mzima akichezea vitufe mbali na gari, rimoti inatangulia mno na gari haliitambui tena. Katika magari mengi tiba ni kubonyeza mara mbili mfululizo ukiwa karibu, au kuingiza ufunguo kwenye swichi na kuwasha. Ikikataa, hapo ndipo mashine ya fundi ina kazi halali.

Na wakati mwingine hakuna kilichoharibika, kuna kilichozimwa. Rimoti nyingi za Toyota za gari la kitufe zina hali ya kulala ili kutunza betri: mtu akishikilia kitufe cha kufunga na kubonyeza cha kufungua mara mbili, taa yake ndogo inapepesa mara nne na rimoti inaacha kuzungumza na gari ikiwa mfukoni. Kuiamsha ni kubonyeza kitufe chochote. Prius za mwaka 2004 hadi 2009 zina kitufe chini ya dashibodi upande wa usukani kinachozima kabisa huduma ya kutambua rimoti iliyo mfukoni, na goti au mkono wa muosha magari huweza kukigusa. Ukiona vitufe vya rimoti vinafungua milango lakini gari halikutambui ukiwa na rimoti mfukoni, tafuta mambo haya kabla ya kutafuta fundi.

Sasa rimoti yenyewe. Iliyoingia kwenye beseni la nguo au baharini haijafa mpaka uiache ife. Toa betri mara moja, kwa kuwa umeme ukikutana na maji ndio unaokula bodi. Kama ni maji ya chumvi au ya sabuni, suuza bodi kwa maji safi, kisha kwa spiriti, uifute kwa brashi laini ya meno, uiache kivulini kwenye upepo siku nzima au mbili. Usiianike kwenye jua kali na usiipulizie kikausha nywele cha moto, maana plastiki hupinda na mpira wa vitufe hulegea. Kuifukia kwenye mchele hakusaidii kuliko upepo, na vumbi la mchele linaingia ndani. Ukiona ukoko wa kijani au mweupe kwenye vile vibati vinavyoshika betri, usugue kwa pamba yenye spiriti, na kama vibati vimelala, viinue kidogo sana kwa ncha ya kibanio.

Kitufe kimoja kikifa na vingine vikiwa vizima, karibu kila mara ni kale kaswichi kadogo chini ya mpira. Kinachotumika zaidi ndicho kinachokwisha. Hii ni kazi ya fundi simu mwenye mkono mtulivu. Anachomoa swichi ya zamani na kuchomelea mpya kwa risasi, na inachukua muda mfupi. Sijui kwa nini watu wanaipeleka kazi hii kwa mwenye mashine ya kusajili funguo, maana mashine haigusi swichi.

Ganda likipasuka, maduka ya vipuri ya Kariakoo au Kirinyaga Road kule Nairobi yana maganda matupu ya karibu kila gari. Hapa niwe mkali. Ganda jipya ni plastiki tu. Katika funguo nyingi za kuzungusha, hasa za Toyota, ile chipu ya kuruhusu injini haiko kwenye bodi ya vitufe. Ni kipande kidogo cheusi, kidogo kuliko punje ya hindi, kilichochomekwa au kugundishwa peke yake kwenye kichwa cha ufunguo. Mtu anahamisha bodi na betri, anaona milango inafunguka, anafurahi, anatupa ganda la zamani jalalani. Kisha anazungusha ufunguo na injini haiwaki, taa ya ufunguo kwenye dashibodi inapepesa, na chipu iko kwenye lori la takataka. Usitupe ganda la zamani mpaka umewasha gari kwa ganda jipya, ukalizima, ukaliwasha tena. Kama chipu imegundishwa, mwachie fundi aikate na kipande cha plastiki chake chote, kwa sababu ikipasuka haitengenezeki.

Ikifika kweli kwenye kusajili ufunguo mpya, uliza maswali kabla ya kununua chochote. Magari ya soko la Japani yana rimoti za masafa ya takriban megahezi 315 au chini yake kidogo, ya Ulaya yanatumia 433. Rimoti nzuri inayofanana kwa kila kitu na yako, iliyoagizwa mtandaoni, inaweza isiseme neno na gari lako kwa sababu hiyo tu. Fungua ya zamani, soma namba iliyochapwa kwenye bodi, na hiyo ndiyo uagize. Rimoti za gari la kitufe zilizotumika nazo zina mtego wake. Nyingi za Toyota zikishasajiliwa gari moja hujifunga, na hazikubali gari la pili mpaka zifunguliwe kwa kifaa maalumu. Mlipe anayeuza baada ya gari kuwaka.

Fundi mzuri wa funguo atakuomba kadi ya gari na kitambulisho kabla hajachomeka mashine. Usikasirike. Anayekuuliza ndiye hatamtengenezea mwizi ufunguo wa gari lako. Kaa naye mpaka amalize, na mwombe asome idadi ya funguo zilizosajiliwa kabla ya kazi na baada yake. Kama umepoteza ufunguo, usiridhike na kupewa mpya. Mwambie aufute uliopotea, kwani la sivyo atakayeuokota anaweza kuliwasha gari lako mwaka kesho. Na kama gari ulinunua kwa mtu, mashine ikionyesha funguo tatu na wewe unazo mbili, futa ya tatu siku hiyohiyo.

Kuongeza ufunguo wa pili wakati wa kwanza ni mzima ni kazi ndogo, kwa kuwa gari linaamini ufunguo linaoujua na kumkubali mgeni. Ufunguo pekee ukipotea, fundi hana wa kumdhamini mgeni. Itabidi kompyuta ya ufunguo ifunguliwe, pengine itolewe garini, ifutwe au ibadilishwe, na gharama inaruka mara nyingi zaidi, bado hujahesabu siku ambazo gari limelala. Kwa hiyo mwenye gari la ufunguo mmoja atengeneze wa pili mwezi huu, kabla ya redio mpya na kabla ya rimu.

Ufunguo wa akiba utumie kwa zamu na ule mwingine, ili betri yake isife drooni bila kujulikana. Kama ni wa gari la kitufe, usiutundike ukutani karibu na gari, kwa sababu vitazungumza usiku kucha na kumaliza betri, na wezi wenye vifaa vya kurefusha mawimbi wanapenda ufunguo ulio karibu na mlango. Kama gari lilikuja na kibati kidogo chenye tarakimu, hiyo ndiyo namba ya kuchongea chuma chako: kipige picha, kihifadhi mbali na funguo, usimwonyeshe mtu. Na utakapokwenda kununua gari jingine, kabla ya kuhesabu pesa, omba funguo zote, fungua mlango kwa chuma cha kila mmoja, washa injini kwa kila mmoja, kisha punguza bei kwa ule unaokosekana.